Mtungi wa Tano

Matiko Gisiri hakujua kuogelea, na hakuona haya kulisema. Alizaliwa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali ambapo maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya kijito kilichovukwa kwa kurukaruka juu ya mawe. Ujana wake aliumalizia Awendo, akitengeneza trekta za kukokota miwa, na huko ndiko alikojifunza injini za dizeli mpaka akawa anatambua ugonjwa wake kwa kusikiliza tu, akiwa bado hajashuka kwenye baiskeli. Kazi ya miwa ilipolegea, akaambiwa kuna mtu Sindo anayeitwa Byron, mwenye boti kubwa ya mbao, ambaye anatafuta fundi asiyelewa. Matiko aliokoka miaka mingi nyuma na pombe aliiacha huko huko. Akamuaga mkewe Susana, akamwacha na ng'ombe wawili na shamba la wimbi, akateremka ziwani akiwa na miaka arobaini na moja na mkoba wa spana.

Boti yenyewe iliitwa Nyar Suba, yaani binti wa Suba. Ilibeba abiria na mizigo kutoka Sindo hadi visiwani, na injini yake ilikuwa ya lori, imeteremshwa tumboni mwa boti na kufungwa juu ya mbao. Siku ya kwanza Matiko alipoiona ikitoka ufuoni ikiwa na watu thelathini, alirudi nyuma hatua mbili kutoka majini. Aliuliza kina cha maji, akaambiwa, na hakuuliza tena.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na hofu mbili: hofu ya maji yaliyo nje ya boti, na hofu ya maji yanayoweza kuingia ndani ya tangi. Ya kwanza hakuwa na dawa yake. Ya pili aliijua vizuri. Dizeli na maji havipatani. Maji ni mazito, hujitenga na kwenda kulala chini kabisa ya tangi, na chini ndiko bomba la injini linakonyonyea. Injini ikinywa dizeli inaimba. Ikionja maji inakohoa mara mbili, mara tatu, kisha inanyamaza. Trekta ikinyamaza shambani, dereva huketi kando akala muwa akimngoja fundi. Boti ikinyamaza katikati ya ziwa, fundi ni wewe na muwa hakuna.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla abiria hawajapanda, Matiko alifungua kibomba kidogo kilichoko chini ya chujio, akakinga dizeli kidogo kwenye chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya jemu, akaiinua juani. Ikiwa na rangi moja tu, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, aliridhika. Akiona hata tone la maji limejikunja chini, alimwaga na kukinga tena mpaka likaisha. Watu wa Sindo walimwita Jachupa, mtu wa chupa, na wageni wakidhani ni mlevi walimwonea huruma. Alikuwa mkali hata kwa vitu vidogo. Mpira wa kifuniko cha tangi, kile kilichoko juu ya sakafu ya boti, mbali na mdomo wa kujazia, ulipopasuka mwezi wa tatu wa mwaka wake wa tano, hakungoja Byron aagize mwingine Kisumu. Alikata mpya siku hiyo hiyo kutoka kwenye tyubu kuukuu ya trekta, akauchonga kwa wembe hadi ukakaa sawasawa, akafunga.

Dizeli yake aliinunua kwa mtu mmoja tu. Dolphine Adhiambo, ambaye ufuo mzima ulimwita Mama Cephas, alikuwa na kibanda cha mabati kwenye mteremko juu ya gati. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye aproni nyeupe isiyofanana hata kidogo na kazi yake. Mapipa yake aliyalaza juu ya mawe, yakiinama kwa nyuma ili uchafu wowote uende huko na usije mdomoni. Alimimina kwa kupitia faneli yenye wavu na kitambaa, na mvua ikinyesha alifunga kibanda, hata upige magoti. Matiko alipomwona kwa mara ya kwanza akikikamua kitambaa chake na kukichunguza kwa macho, alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Kwa miaka mitano walielewana bila maneno mengi.

Ndipo mwezi wa nne ukaja na masika.

Asubuhi moja chupa ilionyesha maji, kidole kimoja. Matiko akashangaa, akamwaga. Wiki iliyofuata vidole viwili. Siku moja injini ikakohoa karibu na gati, ikanyamaza, wakaisukuma boti kwa kasia hadi ufuoni huku watoto wakipiga makofi. Akasafisha tangi lote, akalikausha kwa matambara. Akanunua mitungi mitano ya lita ishirini kwa Dolphine, akamimina minne, wa tano akauacha kwa kuwa tangi lilikuwa limetosha. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nusu nzima ya chupa ilikuwa maji.

Alisimama akaitazama kwa muda mrefu. Tangi alilikausha mwenyewe, na dizeli ilitoka mahali pamoja tu. Hesabu ilikuwa fupi. Akapanda mteremko chupa ikiwa mkononi, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, watu walimfuata.

“Mama Cephas, hii ni nini?”

Dolphine aliitazama chupa. “Chini ni maji.”

“Imetoka wapi?”

“Mimi sijui. Lakini haijatoka kwangu.”

“Kwani mimi nanunua kwa nani mwingine? Niambie mbele ya hawa watu. Nanunua kwa nani mwingine?”

Dolphine alijipangusa mikono kwenye aproni polepole. “Matiko, mitungi mitupu umerudisha minne. Kuna mmoja haujamwaga. Ulete hapa. Tufungue watu waone.”

“Ule ni ushahidi,” Matiko alisema, na sauti yake ilipanda hadi akajisikia mwenyewe. “Tukiufungua hapa utasema mimi ndiye nimetia maji. Utafunguliwa mbele ya kamati.”

Akashuka hadi botini, akaufunga mdomo wa ule mtungi kwa utepe wa gundi, akauzungusha mara tatu, na mwenyekiti wa kamati ya ufuo akatia sahihi juu ya utepe.

Kamati ilipokutana, kila mwenye injini mbovu alikuwa amegundua kilichoiua. Mmoja alisema injini yake ya petroli iliharibika mwaka juzi, na ingawa Dolphine hakuuza petroli, walimwitikia. Matiko aliipitisha chupa mkono kwa mkono. Mtungi ulikuwa pale pembeni, karibu na mguu wa mwenyekiti. Mara mbili Dolphine aliomba ufunguliwe. Mara mbili mwenyekiti alimwambia mambo yako wazi, mama, usitupotezee wakati. Ikaamuliwa boti yoyote isinunue kwake. Dolphine hakulia wala hakutukana. Alimtazama Matiko kwa namna ambayo ilimfanya aangalie viatu vyake, kisha akatoka. Wiki tatu baadaye kibanda kilikuwa na kufuli, na watu wakasema amehama.

Mtungi Matiko aliurudisha kwenye boti, akausukuma chini ya sanduku la vyuma. Hakuufungua. Mtu hafungui kitu ambacho anajua kilichomo.

Kiangazi kikaingia. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, ziwa likatulia, mbingu zikakauka. Matiko alikuwa akinunua kwa muuzaji mpya, kijana mzembe aliyemimina bila kitambaa, na bado kila asubuhi chupa ilikuwa strungi tupu. Kila asubuhi chupa ilimhakikishia kwamba hakukosea.

Mwezi wa kumi mvua zikarudi. Jumanne moja, baada ya mvua kunyesha usiku kucha siku mbili mfululizo, alikinga akapata maji, kiasi cha vijiko vichache. “Basi wote ni wezi,” alijisemea, akakinga mpaka yakaisha. Wakaondoka Sindo saa tatu asubuhi wakiwa na abiria ishirini na sita, magunia ya kabeji na sukari, godoro moja, na mwanamke aliyembeba mtoto mchanga aliyekuwa akimpeleka visiwani kuonwa na babu yake. Usukani alikuwa nao Clifford, nahodha wa boti, mtu wa Suba aliyelifahamu ziwa tangu akinyonya.

Walikwenda saa nzima vizuri. Kisha upepo ukageuka na mawimbi yakaanza kurusha maji juu ya sakafu ya mbele. Boti ikawa inapanda na kuanguka, na lile tangi tumboni likawa linasukasuka kama kibuyu cha maziwa. Matiko alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha injini. Akasikia kikohozi.

Moyo wake ulisimama kabla ya injini. Kikohozi cha pili. Cha tatu. Kisha ukimya, na ndani ya ule ukimya akasikia kitu ambacho injini ilikuwa ikimfichia siku zote: sauti ya ziwa lenyewe, likibamiza mbao.

“Matiko!” Clifford aliita.

Alikuwa tayari ameshaingia chini. Kikombe cha chujio kilijaa maji meupe, na juu yake utelezi mweusi kama kamasi, ule unaoota mahali dizeli na maji vinapolala pamoja muda mrefu. Akafungua, akamwaga, akaweka chujio jipya, akasukuma pampu ya mkono. Kikombe kikajaa tena, maji na kamasi. Akamwaga tena, kikajaa tena. Chini ya tangi hakukuwa na dizeli ya kunyonywa.

Juu watu walikuwa wameanza kuomba, kila mmoja kwa sauti yake. Nanga iliteremshwa, kamba ikaisha bila kugusa chini. Clifford alipiga simu Sindo, akaambiwa boti ya kuwavuta itafika baada ya saa moja na nusu. Aliinama kwenye tundu la injini, akasema kwa sauti ya chini ili abiria wasisikie, “Omera, ndugu yangu, upepo unatupeleka kwenye mawe. Nusu saa. Labda chini ya hiyo.”

Matiko alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Akauona ule mtungi, chini ya sanduku, utepe wake ungalipo na sahihi ya mwenyekiti imefifia.

Aliuvuta. Hakuwa na jingine la kufanya. Alijiambia kwamba pengine maji yamelala chini, pengine juu kuna lita chache nzuri, atanyonya za juu. Akakata utepe kwa wembe. Akachukua kipande cha bomba la mpira, akalizamisha mpaka likagusa chini kabisa ya mtungi, kule ambako maji yasingeweza kujificha, akanyonya kwa mdomo na kukinga kwenye chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa tundu.

Strungi.

Alidhani macho yamemdanganya. Akamwaga, akakinga tena, akaitikisa chupa, akangoja. Hakuna kilichojitenga wala kilichoshuka. Miezi mitano mtungi ule ulikaa chini ya sanduku lake, na ndani yake hapakuwa na tone la maji. Alisikia sauti ya Dolphine, wazi kabisa, kana kwamba amesimama juu ya tundu: ulete hapa, tufungue watu waone.

“Matiko! Unaangalia nini? Weka!” Clifford alipaza sauti.

Akashtuka. Akachomoa bomba la tangi, akalitumbukiza ndani ya mtungi. Bomba la kurudishia akalitumbukiza pia. Akaufunga mtungi kwa waya kwenye mbao usipinduke, akalegeza nati za nozeli moja baada ya nyingine, akapampu mpaka povu la hewa likaisha na dizeli tupu ikamchuruzikia vidoleni. Akakaza. Akapiga kelele, “Washa!”

Injini ilizunguka bila kushika. Ikazunguka tena. Mara ya tatu ikashika silinda moja, mbili, kisha zote, na moshi mweusi ukapaa, na abiria ishirini na sita wakapiga kelele kwa pamoja hata yule mtoto mchanga akaamka. Clifford aligeuza boti kuelekea Sindo. Mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuona mavi ya ndege juu yake.

Matiko hakupanda juu. Alibaki na kichwa chake nje ya tundu, shingo ikiwa sawa na sakafu ya boti, kwa hiyo aliona kile ambacho mtu aliyesimama asingekiona. Wimbi lilirusha maji kwenye sakafu. Maji yakatiririka, yakakizunguka kifuniko cha tangi, yakatuama kwenye kijishimo chake. Kisha yakapungua. Hayakumwagika kando, bali yalizama, na vipovu vidogo vikapanda kuyapisha.

Akatambaa. Akakigusa kile kifuniko, kikacheza kama jino bovu. Akakifungua. Mpira alioukata kwa wembe mwezi wa tatu, ule aliouchonga kwa ustadi, haukuwa mpira tena. Dizeli ilikuwa imeulainisha, ukavimba, ukakatika, ukawa kitu cheusi cha kunata kama ubani uliotafunwa. Ulimganda kwenye kidole. Mpira wa tyubu haukuumbwa kukaa na dizeli, na yeye, aliyeishi na injini zaidi ya miaka ishirini, alilijua hilo. Alilijua akalisahau, kwa sababu alikuwa na haraka na kwa sababu ulikaa sawasawa; na hata alipokifungua kifuniko kusafisha tangi, macho yake yalikuwa ndani, si kwenye mpira.

Kila mvua iliyonyesha iliingia hapo, na masika iliingia yote. Kiangazi chupa ilikuwa safi kwa kuwa hakukuwa na mvua ya kuingia, basi.

Alivua fulana yake, akaikunja, akaisokomeza kwenye mdomo wa tangi, akailalia kwa kifua mpaka Sindo.

Ufuoni walimpokea kama mtu aliyefufua wafu. Yule mwanamke mwenye mtoto alimshika mikono yote miwili, akasema, “Nyasaye ogwedhi, Mungu akubariki,” na machozi yakamdondoka juu ya vidole vyake vyenye ule uchafu mweusi. Wanaume walimpiga mgongoni. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe alisema Sindo imepata fundi. Matiko alisimama kifua wazi akiwatazama midomo, na kila neno jema lilimchoma kuliko matusi.

Jioni ile alimweleza Byron yote. Byron alikuwa mtu wa tabasamu, lakini siku hiyo hakutabasamu.

“Umemwambia nani?”

“Wewe tu.”

“Basi iishie hapa, Fundi. Ukisema boti ilikuwa inakunywa maji miezi yote hii, nani atapanda? Mpira mpya nitaleta kesho kutoka Kisumu. Yule mama alishaenda.”

Mpira ukaletwa kweli, wa aina yake, na Matiko akaufunga. Siku nne alifanya kazi bila kusema. Siku ya tano hakwenda kazini. Alikuwa amesikia kwamba Dolphine yuko Macalder, Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu, akapanda pikipiki, akashuka, akapanda nyingine, akafika mchana jua likiwa utosini.

Wanawake wengi walikuwa wameinama kwenye mabeseni na mbao za kuoshea mchanga, wote rangi moja ya kijivu, nywele, nyuso, nguo. Matiko alimkaribia aliyekuwa karibu, akamsalimu, akauliza, “Samahani mama, unamjua Dolphine, Mama Cephas wa Sindo?”

Yule mwanamke alinyanyua uso. Tope lilikuwa limemkauka kwenye kope.

“Ni mimi, Matiko,” alisema.

Alikosa pa kuweka macho. Aproni ile nyeupe ilikuwa mbele yake siku zote alipomfikiria, na sasa alikuwa akimtazama mtu huyu wa udongo, mikono imepasuka, na hakuwa amemtambua. Alichuchumaa, maana kusimama kulimshinda.

“Mtungi nimeufungua,” alisema. “Ilikuwa safi. Maji ilikuwa inaingia kwa kifuniko. Mimi ndiye nilikata mpira mbaya. Ni mimi.”

Dolphine aliendelea kuzungusha beseni lake taratibu. “Ulifungua lini?”

“Jumanne.”

“Ulifungua kwa sababu ulitaka kujua ukweli, ama kwa sababu ulikuwa unakufa?”

Angeweza kutafuta jibu lenye adabu. “Nilikuwa nakufa,” alisema.

Dolphine aliitikia kwa kichwa. “Afadhali hiyo hujadanganya.” Akaweka beseni chini. “Cephas alipigana na vijana pale bichi, wakimwita mtoto wa muuza maji. Sasa akifunga chuo haji Sindo, anaenda kwa shangazi yake. Wanawake wa kanisa, wale nilikuwa naimba nao, wakiniona njiani wanaangalia simu. Na wewe umetoka huko kote kuja kuniambia dizeli yangu ilikuwa safi. Mimi nilikuwa najua, Matiko. Sikuhitaji kuambiwa. Wenye wanahitaji kuambiwa wako Sindo.”

Kisha akalichukua beseni na kuinama. Matiko alikaa pale kidogo, akaondoka.

Siku ya soko iliyofuata alisimama juu ya kreti tupu la soda mbele ya gati, wakati watu ni wengi. Byron alikuwepo, akamfanyia ishara ya mkono ashuke. Clifford alidhani ni mzaha. Matiko hakuwa msemaji, na miaka yote mitano na ushee alikuwa akiongea na watu wa Sindo kwa Kiswahili, lakini siku hiyo alikuwa amejifunza sentensi mbili za Kiluo na kuzirudia njia nzima, asije mtu akasema hakusikia vizuri.

“Pi ne ok oa kuom Dolphine,” alisema. “An ema naketho.”

Maji hayakutoka kwa Dolphine. Mimi ndiye niliyeharibu.

Wengine walicheka, kwa kuwa lafudhi yake ya Kikuria iliyavunja maneno. Akarudia. Kicheko kikapungua. Akarudia mara ya tatu, kisha akaeleza kwa Kiswahili, mpira, mvua, mtungi, yote, akainua mabaki ya ule mpira wa zamani, meusi kama ubani uliotafunwa, ili kila mtu aone. Alipomaliza, watu hawakuwa wakimtazama yeye tena. Walikuwa wakimtazama mwenyekiti, na baadhi, wale walioipitisha chupa mkono kwa mkono siku ile, walitazamana wao kwa wao kwa mshtuko, kama watu walioamshwa wakajikuta wameshika kitu cha wizi.

Mwenyekiti alikohoa. “Fundi, umefanya vizuri kusema. Lakini hilo jambo limepita.”

“Halijapita,” Matiko alijibu. “Liko Macalder. Nimeliona.”

Byron alimfukuza kazi pale pale. Wiki mbili Nyar Suba iliondoka nusu tupu, kama alivyoogopa, na Clifford akakataa katakata kuvuka bila fundi wa chupa, akisema yeye ana watoto. Byron akamrudisha Matiko bila kumwomba msamaha, na Matiko hakuungoja. Kuhusu Macalder, mwenyekiti alisitasita mwezi mzima. Mwishowe akaenda, pamoja na Clifford na mwanamke mmoja wa kanisa. Waliporudi wakaulizwa, mwenyekiti alisema tu kwamba alizungumza akiwa amesimama maana hakukaribishwa kukaa.

Dolphine alirudi mwezi wa pili, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, juu ya lori, na mapipa matatu. Boti zilienda kwake moja moja, kwa aibu. Nyar Suba pia. Alimmiminia Matiko kwa kitambaa chake kama zamani, akamtajia lita, akafunga pipa. Hakumsalimu. Matiko aliona ni haki yake, akazoea.

Mwezi wa nne Susana aliteremka kutoka Kuria kumwona mumewe. Alikuwa ameshayasikia yote kwa simu, lakini kwa simu Matiko alikuwa ameyafupisha. Alipoyasikia kwa urefu, alimtazama mumewe kana kwamba ameonyeshwa mtu mgeni aliyelala nyumbani kwake. Asubuhi alijifunga leso, akachota unga wa wimbi alioubeba, akaujaza kwenye mfuko.

“Naenda kwa huyo mama,” alisema.

“Ngoja nivae viatu.”

“Wewe baki.”

Alikaa huko mpaka chakula cha mchana kikapoa. Alirudi na kifurushi cha omena, dagaa wa ziwani, akaketi, akaanza kuichambua bila haraka. Matiko alivumilia alivyoweza, kisha akauliza yule mama amesema nini.

“Amesema mengi kukuhusu,” Susana alisema. “Karibu yote nimekubaliana naye.”